Jinsi ya kufuatilia maisha ya askari Mweusi mwenye nishani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani

Anza na kikosi, jina lifuate, maana kikosi ndicho kinachoamua faili limewekwa wapi. Vikosi vingi vya Weusi vilisimamiwa na ofisi ya serikali kuu iliyoundwa Mei 1863 na vikaitwa USCT (United States Colored Troops, yaani vikosi vya Weusi vya Marekani). Kikosi cha 54 cha Massachusetts kilibaki cha jimbo, kwa hiyo William Carney, askari wake mwenye nishani, mtafute kwa jina la kikosi hicho, si kwa namba ya USCT. Vingine vilibadilishwa jina katikati ya vita: cha kwanza cha South Carolina kikawa cha 33 USCT. Tafuta kwa majina yote mawili.

Ukishakijua kikosi, agiza mafaili mawili kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington: la utumishi kwa fomu NATF 86 na la pensheni kwa NATF 85. Wengi huagiza la kwanza tu, nalo ndilo kavu zaidi: umri, kimo, kazi, alipozaliwa, na kadi za mahudhurio.

Hata hivyo, kadi hizo zisome taratibu. Nyingine zimeandikwa kwamba askari alikuwa huru kufikia Aprili 19, 1861. Hilo lilihusu mshahara. Mweusi alilipwa dola 10 kwa mwezi, 3 zikakatwa za sare. Mzungu alipata 13. Sheria ya Juni 1864 ilisawazisha malipo, lakini malimbikizo ya tangu siku ya kuandikishwa yakawa ya waliokuwa huru tarehe ile. Katika kikosi cha 54 kiapo kilitungwa kwa ujanja: askari aliapa tu kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kudai kazi yake. Kwa hiyo usiandike "alizaliwa huru" kwa kutegemea kadi hiyo peke yake.

Faili la pensheni ndilo lenye utamu. Ndoa za watumwa hazikuwa na cheti, hivyo mjane alileta mashahidi, na humo hutajwa bwana wa zamani, watoto, hata jina alilolitumia askari kabla ya vita.

Kwenye nishani, tenganisha siku ya tendo na siku ya kukabidhiwa. Carney aliiokoa bendera kwenye ngome ya Fort Wagner Julai 18, 1863. Nishani (Medal of Honor) aliipata 1900. Robert Blake, baharia, alishapewa yake 1864. Huyo usimtafute kwa NATF 86: mabaharia wa vita hivyo hawakukusanyiwa mafaili ya namna hiyo. Chukua jina la meli yake, USS Marblehead, upekue orodha za mabaharia wake.