Gemu ya safari, saa moja kila jioni

Ukitaka kutengeneza gemu ya maandishi, ambayo mchezaji husafiri kwa kusoma na kuchagua njia, anza na maeneo matatu tu: stesheni ya reli Kigoma, soko la Ujiji, gati la MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Yachore kwenye karatasi kwanza. Kisha pakua Twine, programu ya kutengenezea gemu za maandishi. Ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Njia ya kwenda eneo jingine huandikwa hivi: [[Panda meli]].

Kinachoua gemu za namna hii ni kufuli lisilo na ufunguo. Mchezaji anauza tiketi sokoni, akifika gatini anadaiwa tiketi, na njia ya kurudi hakuna. Kwa hiyo panga mafumbo kuanzia mwisho kurudi nyuma. Kitu cha lazima kisiuzike kabisa.

Mpe jirani acheze, wewe kaa kimya, andika kila anapokwama.

Ukitumia Twine ya kwenye kivinjari, weka nakala kwenye flashi kila usiku: ukifuta data za kivinjari, kazi yote inaondoka nazo.