Kuweka sauti za wanajamii kwenye maonyesho ya makumbusho kwa msimbo wa QR

Makumbusho nyingi hununua kifaa kwanza, kisha ndipo hutafuta cha kuweka ndani yake. Anzia kwa watu. Mtafute anayekijua kitu kilicho kabatini, rekodi maneno yake, halafu uchague teknolojia. Kwa kazi hii msimbo wa QR, yaani mraba wa visanduku vyeusi na vyeupe unaofungua ukurasa wa tovuti, unatosha, maana simu nyingi zenye kamera huusoma bila programu ya ziada.

Awamu ya kwanza ichukue vitu vinane hadi kumi na viwili, si zaidi. Msimulizi awe mtu aliyekitengeneza kitu hicho, aliyekitumia, au aliyekiona kikitumika. Usimuulize "Unakionaje?", kwa sababu swali hilo huzaa sifa tupu. Muulize: "Mlikuwa mnakishikaje?" "Kikivunjika mlifanya nini?" "Nani hakuruhusiwa kukigusa?" Mhifadhi akiruhusu, mpe akishike; la sivyo, mpe picha kubwa iliyochapishwa. Mikono ikipata kazi, maneno huja yenyewe.

Ridhaa itangulie kurekodi. Fomu itenganishe matumizi ya ndani ya jengo, ya kwenye tovuti na ya kufundishia. Ioneshe kama jina litatajwa, na namna ya kuiondoa sauti baadaye. Si kila simulizi ni la kila sikio. Mukurtu, mfumo wa bure wa kuhifadhi kumbukumbu ulioanzia kwenye kazi na jamii ya Warumungu huko Australia, umejengwa juu ya kanuni hiyo: jamii yenyewe ndiyo inayoamua nani aone nini. Hata usipoutumia mfumo wenyewe, iga kanuni yake.

Rekodi kwenye chumba kidogo chenye mapazia, feni na jokofu vikiwa vimezimwa. Kipaza sauti kikae shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi p na b isikigonge. Tumia faili la WAV (sauti isiyobanwa) la kHz 48 na biti 24, mono, yaani mkondo mmoja wa sauti. Itachukua takriban MB 8.6 kwa dakika. Hiyo ndiyo nakala ya kuhifadhi, isihaririwe; hariri nakala nyingine iliyotolewa kwake. Kabla ya kuzima, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba chenyewe. Utauhitaji kuzibia mapengo wakati wa kuhariri, kwani ukiziba kwa ukimya mtupu msikilizaji hudhani sauti imekatika.

Nakala ya wageni iwe sekunde 90, MP3 (sauti iliyobanwa) ya mono, kilobiti 64 kwa sekunde. Faili litakuwa na KB 720 hivi: halimalizi bando, na hufunguka hata mtandao ukiwa hafifu. Kwenye ukurasa unaofunguliwa na msimbo weka kitufe kikubwa cha kuanzisha sauti, kwa sababu vivinjari vya simu huzuia sauti isijianzishe yenyewe. Chini yake weka maandishi kamili ya simulizi, kwa ajili ya viziwi na kwa yeyote asiyetaka kupiga kelele ukumbini.

Msimbo wenyewe ndio huharibu kazi mara nyingi, na chanzo huwa ni anwani ndefu. Anwani isiyozidi herufi 26, ukihesabu na https://, hutoshea kwenye visanduku 25 kwa 25 katika kiwango cha M, kinachovumilia uharibifu wa karibu asilimia 15. Anwani ikirefuka, visanduku huongezeka na kuwa vidogo, na kamera hushindwa kuvitenganisha. Upana wa msimbo uwe walau sehemu ya kumi ya umbali: mgeni akisimama sm 40, chapa sm 4. Acha ukingo mweupe wa visanduku vinne kila upande. Chapa nyeusi juu ya nyeupe, kwa karatasi isiyong'aa, na ibandike kimo cha sm 100 hadi 120 ili aliye kwenye kiti cha magurudumu aifikie. Ijaribu kwa simu kuukuu, taa za ukumbi zikiwa kama zitakavyokuwa siku ya wageni. Kivuli cha mgeni mwenyewe huangukia msimbo.

Anwani iwe ya tovuti yenu. Misimbo inayopitia tovuti ya mtu mwingine hufa usajili ukiisha, na kila lebo italazimika kuchapwa upya.

Mwisho wa kila simulizi weka namba ya kutuma ujumbe wa sauti. Mpangie mtumishi mmoja kazi ya kuzisikiliza kila wiki na kumjibu kila aliyetuma. Jamii isiyojibiwa hunyamaza. Mtu akisahihisha jina la kitu au mahali kilikotoka, hakikisheni, kisha yaingizeni masahihisho hayo kwenye rejesta ya mkusanyo, na kwa ridhaa yake mtaje aliyeyatoa.

Idadi ya walioskani haitoshi kupima kazi. Hesabu pia waliobonyeza kusikiliza na waliofika mwisho. Walioskani wakiwa wengi na wasikilizaji wachache, ukurasa ni mzito au kitufe hakionekani. Wakiondoka ndani ya sekunde 20 za mwanzo, kata utangulizi na uanze na sentensi ya msimulizi yenye uzito kuliko zote.