Namna ya Kutumia na Kutunza Baiskeli ya Milimani Yenye Fremu ya Kaboni

Fremu ya chuma au ya alumini ikipata pigo kubwa hupinda au hubonyea, na mwenye baiskeli huliona jeraha hilo siku hiyo hiyo. Kaboni haibonyei. Inaweza kupokea pigo zito na kuonyesha mkwaruzo mdogo tu kwenye rangi, huku tabaka zake za ndani zikiwa zimekwisha kuachana, kisha baada ya wiki kadhaa ikakatika ghafla chini ya mzigo ambao siku nyingine isingeuhisi. Ndiyo maana utunzaji wa baiskeli hii hauhusu usafi na mafuta peke yake. Unahusu zaidi tabia ya kuitazama na kuipapasa mara kwa mara, ili uijue vizuri ikiwa nzima na uweze kutambua mara moja kitu kinapobadilika.

Inafaa kwanza kuelewa fremu hii imeundwaje. Nyuzi za kaboni, ambazo kila mmoja una unene wa mikromita 5 hadi 10 tu, hupangwa tabaka juu ya tabaka katika pembe mbalimbali na kushikamanishwa kwa gundi ya epoksi inayoimarishwa kwa joto. Mbunifu huzielekeza nyuzi hizo kule anakotarajia nguvu ipite, kutoka kwenye pedali, kwenye kiti na kwenye usukani, na katika mielekeo hiyo fremu huwa imara ajabu kwa uzito wake mdogo. Tena haichoki upesi kwa mtikisiko wa kawaida wa njia mbovu. Lakini bomba lile lile linalombeba mtu mzima akishuka kwenye miamba linaweza kupasuka likibanwa ubavuni kwa jiliwa, au likigongwa na ncha ya jiwe, kwa sababu halikupangwa kupokea nguvu kutoka upande huo. Kwa uzoefu wangu, fremu nyingi huumia mikononi mwa watu wanaozikaza, wanaozibana na wanaozisafirisha kuliko zinavyoumia njiani, na hilo linanisikitisha kwa kuwa karibu madhara yote hayo yanaepukika.

Kukaza bolti kwa kipimo

Kama kuna kifaa kimoja ambacho mwenye baiskeli ya kaboni hapaswi kukikosa, ni spana inayopima nguvu ya kukaza, ambayo katika mwongozo huu nitaiita spana ya toki. Mkono wa fundi mzoefu hukosea, na mkono wa mtu aliyechoka hukosea zaidi. Vifaa vingi vya baiskeli vimeandikwa kipimo chake kwa nyutoni mita karibu na bolti yenyewe: bolti ndogo zinazobana usukani na nguzo ya kiti mara nyingi huwa kati ya 4 na 6, ilhali pedali zinazofungwa kwenye mikono yake huhitaji takriban 35 au zaidi. Pale ambapo vitu viwili vinavyobanana vina namba tofauti, fuata iliyo ndogo. Namba iliyoandikwa pamoja na neno la Kiingereza "max", yaani kikomo cha juu, si lengo la kulifikia. Anza chini yake, jaribu kama kifaa kinashika, kisha ongeza kidogo kidogo ikibidi.

Bolti nne zinazobana usukani zikazwe kwa mkingamo, yaani ya juu kulia, kisha ya chini kushoto, na kadhalika, kila moja robo mzunguko au chini ya hapo kwa zamu, ili kifuniko kishuke sawasawa na mwanya wa juu ulingane na wa chini, isipokuwa kama mtengenezaji ameelekeza kwamba upande mmoja ufungwe kabisa kwanza. Kabla ya kuanza, pitisha kidole kwenye kingo za ndani za kifaa kinachobana. Ukingo mkali au kijichuma kilichochomoza kitaikata kaboni polepole kama kisu, hata bolti zikiwa zimekazwa kwa kipimo sahihi.

Kwenye nguzo ya kiti na usukani wa kaboni usipake grisi. Tumia malai maalumu ya kaboni yenye chembechembe ndogo ngumu, ambazo huongeza mkwaruzano kati ya nyuso mbili na hivyo kukuwezesha kukaza kwa nguvu ndogo bila kifaa kuteleza. Grisi ina mahali pake, nayo ni kwenye nyuzi za bolti za chuma. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu niliwahi kulipuuza: nguzo ya kiti ilikuwa ikizama kidogo kila safari, nami kila jioni nikaongeza nusu mzunguko kwenye kibano, mpaka siku moja nikaona ufa mwembamba kwenye mdomo wa bomba la kiti. Fremu ilikuwa nzuri. Kilichokosekana kilikuwa kijiko kimoja cha malai. Hakikisha pia nguzo imeingia kupita alama ya kina cha chini iliyochorwa juu yake, kwa kuwa nguzo fupi ndani ya bomba hugeuka kuwa wenzo unaolipasua. Na kama nguzo yako ni ile inayopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, kuikaza mno huifanya ikwame njiani, hivyo ukiona inapanda kwa uzito, legeza kibano kwanza kabla ya kutafuta kosa kwingine.

Vibano vya breki na vya gia kwenye usukani vishike, lakini viweze kuzunguka vikipigwa kwa nguvu. Ukianguka, ni heri mkono wa breki uzunguke kuliko uchimbe shimo kwenye usukani.

Kukagua fremu

Osha baiskeli kwanza, maana tope huficha nyufa na wakati mwingine mistari ya tope huonekana kama nyufa. Tumia maji yasiyo na shinikizo kubwa, sabuni laini na brashi yenye nywele laini. Vimiminika vikali vya kuondolea rangi visiguse fremu kamwe, kwa kuwa hula gundi inayoshikilia nyuzi. Baada ya kukausha, shika tochi na uimulike fremu kwa pembe ya chini, si moja kwa moja, ili kila ufa na kila mkwaruzo utoe kivuli chake.

Anza mahali penye hatari zaidi: upande wa chini wa bomba la chini, ambalo hupokea mawe yanayorushwa na gurudumu la mbele, eneo linalozunguka ekseli ya pedali, mikono ya nyuma ya fremu, hasa ule ulio karibu na mnyororo, maungio ya mabomba karibu na shingo ya usukani, mdomo wa bomba la kiti, na sehemu zinazoshikilia shokamzoba ya nyuma. Pitisha ukucha juu ya kila mstari unaoutilia shaka. Mkwaruzo wa rangi peke yake huwa hauna kina na kingo zake ni laini, ilhali ufa wa kaboni mara nyingi hunasa ukucha, hufuata mzunguko wa bomba au mwelekeo wa nyuzi, na huweza kurefuka. Kisha pitisha kitambaa laini cha pamba. Kikinaswa na kuacha uzi nyuma, kuna nyuzi za kaboni zilizokatika hapo. Usitumie kidole kitupu katika hatua hii, kwa kuwa vibanzi vya kaboni huingia ngozini kirahisi na kutoka kwa shida.

Bonyeza kwa kidole gumba mahali unapopashuku na ulinganishe na mahali pale pale upande wa pili. Pakiwa laini, au pakitoa sauti ya kukatika, baiskeli isipandwe tena. Unaweza pia kugonga taratibu kwa ukingo wa sarafu ukisogea sentimita moja moja: sehemu nzima hutoa mlio mkavu na mkali, na sehemu ambayo tabaka zake zimeachana hutoa mlio uliofifia. Kipimo hiki kina mipaka yake, kwani unene wa bomba hubadilika na mlio hubadilika pamoja nao, hivyo kitumie kukupa sababu ya kwenda kwa mtaalamu, kisitumike kukupa ruhusa ya kuendelea kupanda. Mafundi waliobobea katika kaboni wana mashine za mawimbi ya sauti zinazoweza kuona ndani ya bomba.

Mstari ambao huna uhakika nao, uwekee alama ndogo ya penseli kwenye ncha zake mbili na uupige picha yenye tarehe. Ukiukuta umevuka alama hizo, jibu umelipata. Vivyo hivyo usipuuze mlio mpya wakati wa kukanyaga pedali. Mara nyingi chanzo chake ni bolti kavu au beringi iliyoingia mchanga, wala si kaboni, lakini hutalijua hilo mpaka umetafuta.

Baada ya kuanguka, ukaguzi huu ufanyike kabla ya kupanda tena, na usukani upewe nafasi ya kwanza. Fremu iliyopasuka mara nyingi huweza kutengenezwa vizuri na fundi mwenye ujuzi wa kaboni. Usukani na shingo ya foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, hapana: vikitiliwa shaka hubadilishwa, kwa kuwa vikikatika mpandaji hana tena njia ya kujiokoa.

Ukiwa njiani

Watengenezaji wengi huainisha baiskeli kwa matumizi, kwa namba za 1 hadi 5 za kiwango cha ASTM F2043, kilichotolewa na shirika la viwango la ASTM. Namba 3 ni ya njia za msituni zenye mawe na mizizi, na miruko isiyozidi sentimita 61. Namba 4 huruhusu miruko hadi sentimita 122. Itafute namba hiyo kwenye fremu yako au kwenye kitabu chake, pamoja na uzito wa juu unaoruhusiwa, na uiheshimu, kwa maana fremu nyepesi ya mashindano na fremu ya kurukia magenge hufanana kwa mbali lakini hazikupangwa kwa tabaka zilezile.

Kabla ya kila safari, bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma ukiwa umeshika shingo ya usukani. Ukihisi shingo inacheza, beringi zake zimelegea na zitaipiga fremu kila unapokutana na jiwe. Hakikisha ekseli za magurudumu zimekazwa. Pima upepo wa tairi: matairi yasiyo na tyubu kwa kawaida hujazwa kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 20 na 30, kwa kutegemea uzito wa mpandaji na upana wa tairi. Ringi za kaboni huogopa pande zote mbili, yaani upepo mdogo unaoruhusu jiwe kugonga ukingo, na upepo unaozidi kikomo kilichoandikwa kwenye ringi.

Mnyororo ukinaswa kati ya gia ya mbele na fremu, acha kukanyaga papo hapo. Mizunguko miwili mitatu ya ukaidi inatosha kuchimba mtaro ndani ya kaboni. Bandika raba kwenye mkono wa fremu unaopigwa na mnyororo, na plastiki angavu kila mahali kebo inapougusa mwili wa fremu, kwani kebo yenye vumbi husaga kama tupa.

Vilivyobaki

Breki za diski zina aina mbili za mafuta, ya DOT (kama yale ya breki za gari) na ya madini, na kamwe hazichanganywi; zaidi ya hayo, mafuta ya DOT hubabua rangi ya fremu, kwa hiyo tone likidondoka lioshwe mara moja. Mnyororo wa gia 11 au 12 ubadilishwe kipimo kikionyesha umerefuka kwa asilimia 0.5. Nguzo za foki na shokamzoba zipanguswe baada ya kila safari, na mafuta ya miguu ya foki yabadilishwe karibu kila saa 50 za kupanda, au kama kitabu chake kinavyoagiza.

Mara mbili kwa mwaka ichomoe nguzo ya kiti, safisha pande zote mbili na upake malai upya. Kaboni hupitisha umeme, na inapogusana na alumini penye jasho au chumvi, alumini huliwa na kuacha unga mweupe, mpaka nguzo inaganda ndani ya bomba na haitoki tena bila kuharibu kitu.

Unapoitengeneza baiskeli, ifunge kwenye stendi kwa kuibana nguzo ya kiti, si bomba la juu. Na kama nguzo yako ni ya kupanda na kushuka, bana sehemu yake ya chini isiyosogea. Juu ya gari, chagua kibebeo kinachoshika magurudumu badala ya kile kinachokaba mabomba, na uangalie gurudumu lisikae mbele ya bomba la moshi, kwa sababu joto hilo hulainisha gundi ya ringi.

Ukihitaji kufupisha usukani au nguzo, tumia msumeno wenye meno madogo sana, zungushia utepe mahali pa kukatia, vaa barakoa na glavu, na ulowanishe kwa maji ili vumbi lisiruke, kwani si la kuvuta pumzi. Na usukani uliopasuka usiuweke nje ya nyumba ukiwa mzima: ukate vipande viwili kwa msumeno huo huo kabla ya kuutupa, asije mtu akauokota na kuufunga kwenye baiskeli ya mtoto wake.