Jinsi ya kuomba Tuzo ya Torch ya maadili ya biashara kwa kampuni iliyoko Marekani au Kanada

Better Business Bureau, ambayo watu huita BBB, si ofisi ya serikali. Ni shirika lisilo la faida lililoanza mwaka 1912, na lina ofisi za maeneo katika Marekani na Kanada. Nyingi kati ya ofisi hizo hutoa Tuzo ya Torch kwa kampuni zinazoendesha biashara kwa uadilifu. Ndugu zetu wenye kampuni za huduma ya wazee nyumbani, malori, maduka ya vyakula au usafirishaji wa mizigo wanaweza kuiomba sawa na kampuni nyingine yoyote. Udogo wa kampuni usikukatishe tamaa, kwa kuwa kwa kawaida washindani hupangwa katika makundi kulingana na idadi ya wafanyakazi.

Kabla ya kugusa fomu

Ingia kwenye tovuti ya BBB, weka msimbo wa posta wa makao makuu ya kampuni, uone ni ofisi ipi inayokuhudumia. Kila ofisi ina fomu yake, tarehe yake ya mwisho na namna yake ya kugawa alama, kwa hiyo fomu ya rafiki aliye jimbo jingine haitakufaa hata kama mnafanya kazi ileile. Soma masharti yote. Mara nyingi utakuta wanadai kampuni iwe imefanya kazi kwa miaka kadhaa na isiwe imeshinda hivi karibuni. Biashara ikiwa bado changa, uliza kama ofisi hiyo ina Tuzo ya Spark, ambayo imekusudiwa wajasiriamali vijana na biashara zisizozidi miaka mitatu.

Usichanganye tuzo na ithibati, yaani kutambuliwa rasmi na BBB. Ithibati ya BBB hulipiwa ada, na kampuni huahidi kufuata masharti manane ya uaminifu. Kwa ofisi nyingi, kuomba tuzo hakuhitaji ithibati. Kinachohitajika ni rekodi safi.

Rekodi hiyo ndiyo huwaangusha wengi. Tafuta ukurasa wa kampuni yako kwenye tovuti ya BBB na uhakikishe kwamba jina la kisheria, jina la biashara, anwani na leseni vinalingana na ulivyosajili jimboni. Kuudai ukurasa huo kuwa wako ni bure. Utaona daraja kati ya A+ na F, linalotokana na alama 100, na A+ huanzia 97. Maoni ya wateja na nyota zao hayaingii katika hesabu ya daraja. Malalamiko ndiyo huingia, hasa namna ulivyoyashughulikia.

Mteja akilalamika, BBB hukutumia lalamiko ndani ya siku mbili za kazi na kukuomba ujibu ndani ya siku 14. Kwa kawaida shauri hufungwa katika siku 30 hivi. Tatizo ni kwamba taarifa hiyo huenda kwenye anwani mliyokwisha kuhama, au huishia kwenye folda ya barua taka, na kampuni ikaandikwa kuwa haikujibu. Lalamiko hubaki kwenye ukurasa kwa miaka mitatu. Kwa hiyo sahihisha anwani leo, na ukikuta lalamiko lililo wazi, lijibu hata kama unaona mteja amekosea: taja tarehe, mlichokubaliana kwa maandishi, ulichofanya na unachojitolea kufanya. Usimtukane, kwa sababu jibu lako linaweza kusomwa na yeyote. Maliza hilo kwanza, ndipo uombe tuzo.

Kujibu maswali

Ofisi nyingi hupima mambo manne: tabia ya kiongozi, utamaduni wa kazini, uhusiano na wateja na mchango kwa jamii. Waamuzi ni watu wa kujitolea wasio waajiriwa wa BBB, na hutoa alama kwa kilichoandikwa. Hawakujui. Ukiandika «uaminifu ndio msingi wetu», mwamuzi hana cha kukupimia.

Chukulia kampuni ya kusafirisha mizigo kutoka Columbus hadi Mombasa. Jibu lenye uzito litakuwa hivi: «Meli ilipochelewa wiki tatu, tuliwapigia wateja wote ndani ya siku mbili baada ya kupata taarifa. Gharama za kontena kukaa bandarini tulizilipa sisi, kwa kuwa kifungu cha 6 cha mkataba wetu kinasema mteja halipi zaidi ya bei aliyoandikiwa. Tangu hapo kila risiti huonyesha namba ya kontena na tarehe inayokadiriwa ya kufika.» Ndani yake mna kanuni, tukio lililoijaribu kanuni hiyo, gharama iliyobebwa na kitu kilichobadilika. Ambatisha ukurasa wa mkataba na nakala ya risiti mpya. Tukio moja la namna hii linazidi kurasa tatu za sifa.

Kwenye tabia ya kiongozi, eleza wakati ambapo ukweli ulikugharimu: zabuni uliyoiacha, au bili uliyoirudisha kwa sababu ilizidi.

Kwenye utamaduni wa kazini, onyesha mfanyakazi mpya anafundishwa nini, wiki gani, na anatia sahihi wapi. Onyesha pia anampelekea nani taarifa ikiwa anayekosea ni mwenye kampuni. Kampuni zetu nyingi huajiri mpwa, shemeji, mtoto wa dada. Si kosa, lakini sema waziwazi kwamba ngazi za mishahara na adhabu ni zilezile kwa wote, na uweke waraka unaothibitisha.

Kuhusu jamii, michango ya harambee na misiba ni mizuri, ila peke yake haitoshi. Taja saa ambazo wafanyakazi walijitolea, na ujuzi gani mliutoa bila malipo.

Ukipenda, andika rasimu kwa Kiswahili ili mawazo yatoke sawasawa, kisha mpe mtu anayekijua Kiingereza vizuri aitafsiri. Hesabu maneno baada ya tafsiri, kwa kuwa Kiingereza huhitaji maneno mengi kuliko Kiswahili na jibu lililoingia kwenye kikomo linaweza kukizidi.

Viambatisho na kutuma

Barua za mteja, mfanyakazi na msambazaji ziwe na mambo mahususi, si salamu. Kampuni ya afya isitume jina wala picha ya mgonjwa: nchini Marekani sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 hulinda taarifa hizo, na itakuwa aibu kuvunja siri ya mgonjwa ndani ya ombi la tuzo ya maadili.

Tuma siku kadhaa kabla ya mwisho, uhifadhi ujumbe wa kuthibitisha kupokelewa. Usiposhinda, omba maoni ya waamuzi. Ofisi nyingine hutoa.

Kuna pia matapeli wanaopiga simu wakisema kampuni yako imeshachaguliwa kwa tuzo fulani, bado tu ulipie ngao. Tuzo ambayo hukuiomba wala hukupendekezwa, na inayotanguliza ankara, usiilipe. Kwenye Torch kinachouzwa kwa kawaida ni tiketi za hafla au udhamini, na kununua tiketi hakuongezi alama. Ukiwa na shaka, piga namba iliyo kwenye tovuti ya ofisi yako ya BBB, si ile iliyokupigia.