Kabla ya kumwambia daktari "mishipa inauma"

Mama yangu alikaa miezi minne akitumia neno moja tu: mishipa. Mishipa inauma, mishipa imelegea, mishipa imekufa. Tulimpeleka zahanati mara tatu, na mara tatu alirudi Kibosho na vidonge vya kutuliza maumivu. Safari ya nne muuguzi mmoja akamwuliza swali ambalo sisi wanawe hatukuwahi kumwuliza: "Mama, kandambili ikikuvuka njiani, unajua kwamba imekuvuka?" Mama akafikiri kidogo, akasema hapana, huwa anaambiwa na wajukuu. Akapimwa sukari. Ilikuwa juu sana, na mishipa ya fahamu ya nyayo ilikuwa imeshaharibika.

Tangu siku ile nimeamini kwamba nusu ya kazi ya daktari inaanzia nyumbani, kwa namna tunavyouchunguza mwili na kuueleza. Kama kwenu kuna mtu anayelalamika miguu au mikono, na safari ya hospitali imepangwa Jumatatu, yako mambo ya kufanya kabla ya Jumatatu hiyo.

Lakini kwanza, kuna hali ambazo hazisubiri Jumatatu. Mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea ghafla, mdomo ukapinda, maneno yakawa hayaeleweki, chukulia hicho ni kiharusi hadi daktari aseme vingine. Tazama saa, uiandike, na uandike pia ni saa ngapi mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya ubongo, kwa hiyo hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa. Usimpe chakula wala maji, kwa kuwa kumeza kunaweza kumshinda, na usimwongezee kidonge cha presha kwa kukisia. Hapo mtu hasubiri barua ya rufaa. Anapelekwa hospitali iliyo karibu yenye idara ya dharura.

Vivyo hivyo udhaifu unaoanzia miguuni na kupanda juu ndani ya siku chache, hasa baada ya kuharisha au mafua makali, kwa sababu unaweza kufika kwenye misuli ya kupumulia. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri na kushindwa kukojoa, hayo nayo ni ya siku hiyohiyo. Mtoto aliyelala mzima akaamka na mguu uliolegea lazima afikishwe kituo cha afya haraka, kwani hutakiwa kuchukuliwa sampuli mbili za choo kuangalia polio.

Kama hakuna dharura, anza na maneno. Sisi "mishipa" tunaitumia kwa kila kitu: msuli, kano, mshipa wa damu na mshipa wa fahamu. Daktari anahitaji uvitenganishe. Maumivu ni jambo moja: kiungo kinatii, ila kinauma. Kukosa nguvu ni jambo jingine: unakiamuru kisitii, hata kama hakiumi kabisa. Ganzi, kuwaka moto au kuchomachoma ni jambo la tatu. Na kuna uchovu wa mwili mzima, ambao wazee wengi huuita kulegea, lakini ukimwambia ashike mkono wako anaubana vizuri tu. Huo mara nyingi unaelekeza kwenye upungufu wa damu, tezi ya shingo, usingizi mbaya au huzuni ya muda mrefu. Kumbe tatizo halikuwa miguuni.

Mpime kwa kazi za kila siku. Anainuka kwenye kigoda bila kujishika? Anaweza kuanika nguo kwenye kamba, kusuka nywele, kupanda ngazi ya daladala? Akishindwa hayo huku vidole vikiwa na nguvu, tatizo linaelekea misuli mikubwa ya mapaja na mabega. Ikiwa anainuka vizuri lakini kandambili zinamvuka, anajikwaa vidole vya mguu, au vifungo vya shati vinamshinda, fikiria mishipa ya fahamu, ambayo huanza kuharibika mwishoni, nyayoni na vidoleni. Sukari ndiyo chanzo kinachojulikana zaidi, lakini pombe ya miaka mingi nayo hufanya hivyo, pamoja na upungufu wa vitamini B12. Angalia pia kama ni pande zote mbili au upande mmoja. Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na kuuma kwenye shavu la mguu unaweza kuwa na damu iliyoganda, usikandwe, upelekwe. Na kama nguvu zipo asubuhi lakini jioni kope zinashuka, taya zinachoka kutafuna na mikono inachoka hata kuinua kikombe, liseme hilo wazi, maana kuna ugonjwa wa aina yake unaojificha hivyo.

Kisha rudi nyuma: nini kilitangulia? Huku kwetu homa yoyote yenye maumivu ya viungo tunaiita malaria. Wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi kati ya 2007 na 2008 walifuatiliwa na watafiti. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria, na waliokutwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo wenye brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo kupitia maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika ng'ombe na mbuzi wanapozaa. Homa yake huja na kuondoka, jasho linatoka usiku, mgongo na nyonga vinauma wiki kwa wiki. Daktari hatakisia kwamba wewe ndiye uliyemzalisha ng'ombe mwezi uliopita. Mwambie.

Vijana wanaobeba mizigo ya wapanda mlima Kilimanjaro, wagumu kama wanavyojiita, wao misuli kuuma siku ya pili na ya tatu baada ya kushuka ni kawaida na hupungua yenyewe. Lakini mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, misuli imevunjika na figo ziko hatarini. Hiyo si ya kunywea diklofenaki ya kutuliza maumivu na kulala.

Maji nayo yatajwe. Kuzunguka Mlima Meru, kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, madini ya floraidi kwenye maji ni mengi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu wa huko ni dalili ya kuyanywa maji hayo utotoni. Kwa miaka mingi madini hayo huweza kuingia mifupani, viungo vikakakamaa, mgongo usijipinde, na wengine hata mishipa ya fahamu ikabanwa. Kuchemsha hakuyaondoi. Magadi tunayotia kwenye makande na kiburu nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Kwa hiyo andika mgonjwa alikulia wapi na alikunywa maji gani, hata kama leo anaishi Njiro, Arusha mjini, na anakunywa maji ya chupa.

Dawa zote zikusanye kwenye mfuko mmoja na maboksi yake: za presha, za sukari, ARV, za kuzuia kifua kikuu, na zile za Kimasai kutoka sokoni. Usione aibu. Metfomini, dawa ya sukari, ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza B12; baadhi ya dawa za kukojoza hushusha madini ya potasiamu mwilini na misuli ikalegea; isoniazidi, ile ya kifua kikuu, huweza kuleta ganzi, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Vidonge vidogo vya deksamethasoni ambavyo wengine hununua ili wapate nafuu ya haraka, vikitumiwa muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja ileile unayotaka itibiwe. Na kama ganzi ya mguu ilianza baada ya sindano ya takoni, taja siku ya sindano.

Mengine ni madogo. Uliza mapema kama vipimo vinahitaji tumbo tupu. Anayetumia insulini asifunge bila kuelekezwa. Mvalishe nguo inayopanda hadi juu ya goti bila kuhangaika, na msindikize, ila mwache aseme mwenyewe kwanza. Mimi nilikuwa nikimjibia mama kila swali, na ndiyo maana kwa miezi minne hakuna aliyesikia habari za kandambili.