Kufundisha jinsi watu, mahali na mazingira vinavyoathiriana: somo la ziwa lililokauka

Wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 hukariri upesi kwamba binadamu huathiri mazingira. Waulize mazingira nayo yanamfanyia nini binadamu, darasa linanyamaza. Somo hili la vipindi vitatu nimelijenga juu ya ukimya huo: kila mshale wa athari unaotoka kwa watu utafutiwe mshale wa kurudi.

Hatua ya 1: Chagua mahali pamoja tu. Mimi hutumia Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Japo huitwa bahari, ni ziwa, na mwaka 1960 lilikuwa la nne kwa ukubwa duniani, kilometa za mraba zipatazo 68,000. Chapisha picha za setilaiti za miaka mbalimbali, ondoa tarehe, zichanganye, kisha kila kundi lizipange kwa mfuatano. Jina la mahali usilitaje. Watabishana kama maji yanaongezeka au yanapungua. Waache, maana kila anayebisha itabidi aonyeshe ushahidi kwenye picha.

Hatua ya 2: Simulia chanzo peke yake. Ziwa lilijazwa na mito miwili, Amu Darya na Syr Darya. Kuanzia miaka ya 1960, Muungano wa Kisovieti ulielekeza sehemu kubwa ya maji hayo kwenye mashamba, hasa ya pamba. Ishia hapo, hata kama unatamani kuendelea.

Hatua ya 3: Wachore mishale. Hapa ndipo penye somo, kwa hiyo usiharakishe. Kwenye karatasi kubwa waandike: ziwa, mashamba, wavuvi, hewa, udongo. Mshale wa kwanza ni rahisi, mashamba yalichukua maji. Kila wanapokwama, uliza swali lile lile: "Halafu ikawaje?"

Maji yalipungua lakini chumvi ilibaki, basi ziwa likazidi kuwa na chumvi na samaki wakafa. Mji wa Moynaq, uliokuwa bandari, ukaachwa mbali na maji, meli zake zikalala mchangani. Upepo ukapeperusha vumbi la chumvi na mabaki ya viuatilifu kutoka sakafu ya ziwa iliyokauka, likawatua watu vifuani na likatua hata mashambani. Hapo mshale unarudi ulikoanzia, na wanafunzi huuona wenyewe. Mshale wa hali ya hewa ndio huwashinda: maji mengi hupoza joto na kupunguza ukali wa baridi, hivyo ziwa liliponywea, kiangazi kikazidi joto na majira ya baridi yakazidi baridi. Huu wasaidie.

Hatua ya 4: Wagawie sauti. Mmoja awe mkulima, mwingine mvuvi, mwingine mhandisi wa mifereji, mwingine mama anayelea watoto kwenye vumbi. Waamue maji yagawanywe vipi. Mwaka wa kwanza niliacha mkulima ageuzwe adui, na mjadala ukafa. Siku hizi huwakumbusha mapema kwamba pamba ndiyo iliyomlisha.

Wakishaamua, waambie kuhusu bwawa la Kok-Aral lililokamilika mwaka 2005. Upande wa kaskazini kina kilipanda, chumvi ikapungua, samaki wakarudi. Kusini hakukuwa hivyo, kwa kuwa bwawa huzuia maji ya Syr Darya yasitiririke huko. Wauongeze mshale huo kwenye karatasi zao.

Hatua ya 5: Toka nao nje, dakika 20. Watafute njia ya mkato iliyokanyagwa na miguu yao wenyewe. Udongo umegandamana, mvua haipenyi, maji yanachimba mfereji, nao wanahama na kukanyaga majani ya pembeni. Waichore.

Hatua ya 6: Pima. Usiulize maana ya maneno. Wape picha ya mahali wasipopajua, kila mmoja achore mishale mitatu inayozaana, na chini ya kila mshale aandike sentensi moja yenye "kwa sababu".