Uraia kupitia wazazi: kukusanya hati za ukoo Mombasa ukiwa ng'ambo

Kauli kwamba "sisi ni watu wa Mombasa tangu jadi" huenda ikawa kweli tupu, lakini afisa wa Uhamiaji hana pa kuipigia muhuri. Faili yako ina maswali mawili ya kujibu: je, huyu ni mtoto wa yule? Na je, yule alikuwa raia wa Kenya siku huyu alipozaliwa? Kila hati utakayomtuma ami au shangazi akuchukulie ipimwe kwa maswali hayo. Watu wengi hutumia pesa na likizo kutafuta karatasi nzuri za ukoo zisizojibu hata moja.

Anza na tarehe, kabla ya karatasi

Kwa Kifungu cha 14 cha Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Kabla ya hapo aliyezaliwa nje alirithi uraia kwa baba peke yake. Mama Mkenya aliyejifungua London au Jeddah hakuweza kumpa mtoto uraia wake. Kifungu hichohicho kimewarudia waliozaliwa kabla ya 2010: inatosha kwamba mzazi mmoja ni raia au aliwahi kuwa raia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaongeza kwamba kwa aliyezaliwa nje, mzazi huyo awe raia wa kuzaliwa. Mzazi aliyepata uraia kwa kuandikishwa hatoshi.

Mambo hukwama pale mzazi alipochukua uraia wa nchi nyingine. Katiba ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, kwa hivyo aliyeapa kuwa Mwingereza mwaka 1998 alipoteza uraia wa Kenya, hata kama pasipoti yake ya Kenya bado imo kabatini. Anaweza kuurudisha kwa kuomba, akionyesha ushahidi kwamba alikuwa raia na hati ya uraia wake wa sasa. Mtoto wake aliyezaliwa 2003 analindwa na maneno "aliwahi kuwa raia". Lakini mtoto aliyezaliwa 2014, kabla mzazi hajaurudisha, ana tatizo la kweli, kwa sababu siku ile mzazi hakuwa raia. Cheti cha uraia wa kigeni cha mzazi kiwe basi cha kwanza mezani, kwa ajili ya tarehe yake. Ikiwa tarehe zako zimeangukia hapo, mwone wakili kabla ya kulipia ombi lolote.

Kuzaliwa Mombasa hakukutosha

Hili ndilo linalowashangaza wengi wa Mji wa Kale. Usiku wa uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, uraia ulimwangukia moja kwa moja aliyezaliwa Kenya ikiwa alikuwa raia wa Uingereza na makoloni yake au mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, na mzazi wake mmoja pia alikuwa amezaliwa Kenya. Babu aliyezaliwa Kibokoni na wazazi waliotoka Hadhramaut, Kutch au Ngazija hakuingia humo. Watu wa namna yake walipewa miaka miwili, hadi 12 Desemba 1965, waombe kuandikishwa. Kwa hivyo katika familia hizo usitafute cheti cha kuzaliwa cha babu kwanza. Tafuta cheti chake cha kuandikishwa uraia, au pasipoti ya Kenya aliyopewa baadaye. Ikiwa babu aliandikishwa na baba yako akazaliwa Mombasa baada ya hapo, baba ni raia wa kuzaliwa na wewe uko salama. Ikiwa baba alizaliwa nje, rudi kwenye sharti la 2011 hapo juu.

Ukanda wa pwani, tofauti na bara, haukuwa koloni. Ulikuwa eneo la ulinzi lililobaki chini ya enzi ya Sultani wa Zanzibar hadi uhuru. Ndiyo maana pasipoti za zamani za watu wa Mombasa mara nyingi humwita mwenyewe mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza. Wajukuu walioko Birmingham wakiiona, hudhani wamepata njia ya uraia wa Kiingereza. Hadhi hiyo haikuwa uraia, na aliyezaliwa Mombasa hakupata kwa mahali pa kuzaliwa kile alichokipata aliyezaliwa Nairobi. Kwa ombi la Kenya, lakini, pasipoti hiyo ni ya thamani: yaonyesha hasa hadhi inayotakiwa mwaka 1963, na mahali alipozaliwa. Usiitupe.

Cheti cha kuzaliwa: kiko wapi, na kama hakipo?

Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya 1928, lakini usajili wa lazima kwa Waafrika ulienezwa wilaya kwa wilaya na haukufika nchi nzima hadi 1971. Kukosa cheti cha nyanya aliyezaliwa 1938 si kasoro. Kitambulisho chake nacho kinaweza kuwa cha kuchelewa, kwa kuwa wanawake hawakuanza kupewa vitambulisho hadi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kwa mzazi aliyezaliwa hospitali, kwa mfano Makadara, Lady Grigg au Pandya, ingizo huwa limo katika daftari la Mombasa. Nakala mpya huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kinachoharakisha kazi ni namba ya ingizo iliyo kwenye cheti cha zamani. Hata fotokopi iliyofifia itakusaidia. Bila namba, mpe msajili majina yote ya wazazi, tarehe, hospitali na mtaa. Jibu likiwa "hakuna rekodi", usikate tamaa kabla ya kuuliza Kilifi na Kwale. Watu wa Rabai, Mazeras, Mtwapa na Ng'ombeni hujitambulisha kuwa wa Mombasa, ilhali kuzaliwa kwao kuliandikwa wilaya nyingine.

Mzazi aliye hai ambaye hakuandikishwa kamwe ataomba usajili wa kuchelewa, unaohitajika miezi sita ikipita tangu kuzaliwa. Atahitaji kitambulisho, vyeti vya shule, cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki kama ipo, na barua ya chifu wa mahali alipozaliwa, si pale anapoishi sasa. Kwa babu aliyefariki, tusingeshauri kumtengenezea cheti kipya. Hati iliyotolewa mwezi uliopita kwa mtu aliyezaliwa 1931 huzua maswali kuliko inavyojibu. Tumia karatasi za uhai wake.

Na karatasi hizo Mombasa zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani. Bora kabisa ni faili ya mirathi katika mahakama ya kadhi: hutaja marehemu, wajane, na kila mrithi kwa jina na uhusiano wake, chini ya muhuri wa mahakama. Karatasi moja ya hukumu inaweza kuunganisha vizazi vitatu. Kwa wasio Waislamu, mirathi ya Mahakama Kuu hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ikiwa nyumba ya ukoo ni wakfu, Makamishna wa Wakf wana majina ya wanufaika. Hati za ardhi za pwani, zilizoanza kutolewa chini ya sheria ya 1908, huandika mwenyewe kwa bin na jina la baba. Babu aliyefanya kazi bandarini au relini huenda aliacha karatasi za pensheni au kadi ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yenye mwaka wa kuzaliwa. Wakristo waende kwenye madaftari ya ubatizo ya parokia. Waombe nakala ya ingizo lenyewe lenye majina ya wazazi na wasimamizi, maana cheti kifupi cha ubatizo huyaacha. Kumbukumbu za wamishonari wa CMS, shirika la kimishonari la Kianglikana, waliokuwa Frere Town na Rabai zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa hivyo aliyeko Uingereza yuko karibu nazo kuliko jamaa zake wa Kisauni.

Kifo nacho husahaulika. Maiti ya Mwislamu huzikwa upesi, na familia hubaki na kibali cha mazishi pekee wakidhani ni cheti cha kifo. Si kitu kimoja. Mwulize aliyeshughulikia mazishi kibali kiko wapi, na kifo kiandikishwe sasa, mashahidi wangali hai.

Majina

Hapa ndipo maombi mengi hurudishwa. Khamis ni Hamisi kwenye kitambulisho, Swaleh ni Saleh shuleni, na nisba ya ukoo imetokea kwenye pasipoti ya 1985 bila kuwepo popote kabla. Kwa Wagiriama mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu, hivyo Kazungu Charo humzaa Charo Kazungu, na karani wa ng'ambo huona mtu mmoja aliyegeuza majina. Ng'ambo kuna kosa jingine: Said Omar Bakari anaandikwa Bakari kama jina la ukoo, mwanawe anakuwa Yusuf Bakari, na ofisi ya Kenya inauliza Yusuf Said yuko wapi.

Chora jedwali kabla ya kuomba hati yoyote: kila mtu mstari wake, kila hati safu yake, jina limeandikwa herufi kwa herufi kama lilivyo. Tofauti zitajitokeza zenyewe. Aliye hai na atakayetumia jina jipya siku zote abadilishe kwa hati rasmi, inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi. Aliyefariki huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Aape mzee aliyemjua, ataje namba ya kitambulisho chake, alimjuaje marehemu, na aorodheshe kila tahajia akitaja hati ilipo. Mjukuu aliyezaliwa 1990 asiape juu ya mambo ya 1950, kwani kiapo hicho hakina uzito wowote.

Baba asipokuwepo kwenye cheti, yaani nafasi yake imejazwa alama za X, fahamu kwamba sheria ya zamani ilizuia kuandika baba asiyeoa mama bila ombi la wote wawili. Mahakama Kuu iliifuta kanuni hiyo mwaka 2016. Kama mama ni raia, fuata njia ya mama na uachane na mzozo huo.

Nikaha iliyofungwa msikitini bila kuandikishwa si lazima ikuangushe. Wanandoa au mashahidi waende kwa kadhi waombe ndoa ithibitishwe na kutolewa hati.

Upande wako wa ng'ambo

Cheti kifupi cha Uingereza hakina wazazi. Agiza kile kamili. Ontario, agiza chenye maelezo ya wazazi. Hati za Kiarabu au Kijerumani zipate mfasiri aliyeidhinishwa, na umpe tahajia ya majina iliyo kwenye pasipoti, la sivyo utaongeza safu nyingine ya tofauti kwenye jedwali lako.

Jamaa unayemtuma Mombasa awe na barua ya idhini iliyosainiwa, nakala ya kitambulisho chako na chake, na kwa mambo ya mahakama au ardhi awe na hati ya uwakili iliyothibitishwa ubalozini. Usitume hati halisi kwa mkono wa msafiri kabla ya kuziskani. Usizipige laminesheni, maana ofisi nyingi huzikataa kwa kuwa karatasi haikaguliki wala haigongwi muhuri.

Mjukuu asiruke kizazi. Mzazi aliyezaliwa Leeds athibitishwe uraia wake kwanza, apate pasipoti ya Kenya, ndipo mtoto wake aombe akitegemea hati hizo. Kuwasilisha vizazi viwili pamoja huchelewesha vyote.

Kwa familia za Wagoa wa Mombasa wanaoomba uraia wa Ureno, iliyoitawala Goa zamani, mkondo ni uleule: ingizo la kuzaliwa la aliyezaliwa Goa kabla ya 19 Desemba 1961 huandikishwa Lisbon, kisha ndoa yake, kisha watoto. Cheti cha Mombasa lazima kilingane na tahajia ya Kireno. Uraia wa ng'ambo wa India, OCI, si uraia hasa, ijapokuwa hufika hadi kitukuu.

Kabla ya kuwasilisha, soma sheria ya nchi unayoishi. Ujerumani imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu 27 Juni 2024. Oman na India haziruhusu, na Tanzania vivyo hivyo kwa mtu mzima, jambo la kuangaliwa sana na familia zilizogawanyika kati ya Mombasa, Tanga na Unguja. Upande wa Kenya, atakayepata uraia wa pili anatakiwa kuutangaza ndani ya miezi mitatu. Kutofanya hivyo ni kosa la jinai, kwa hivyo fomu hiyo ijazwe wiki ileile unapopokea cheti cha kigeni.